Usiondoke na Matairi Yale

Mwanangu Wandera,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Unaponiita baba mbele ya watu, mimi huinamisha uso kama aliyeshikwa kwenye shamba la jirani, na wote hudhani naona haya. Haya naona, ndiyo. Lakini shuleni Tororo, taa zikishazimwa bwenini na wenzangu wakianza kukoroma, hulirudia neno hilo kimoyomoyo kwa sauti yako, na ndipo usingizi unapokuja. Nina miaka kumi na saba, wewe una ishirini na mmoja, na mwenye ndevu ni wewe. Cheka ukitaka, mradi usome mpaka mwisho.

Mvua imekatika sasa hivi. Umekwenda Busia kuagana na rafiki zako, na pikipiki umeiacha upenuni mwa ghala, umeifunika gunia. Naiona kutoka hapa nilipokaa. Kesho kukipambazuka utaipanda uende Nakuru kwenye mbio, na ukifanya vizuri, yule mwenye gereji amesema atakuchukua ukae kwake, umwendeshee pikipiki zake. Kwa hiyo hii si safari ya kwenda na kurudi. Unahama nyumbani. Nami naandika nyuma ya karatasi za jometri kwa sababu leo mchana mdomo wangu ulishindwa.

Sitakuambia habari za kufua mashati wala kula kwa wakati. Mama yako ameshakuambia hayo, na wewe umeshaitikia bila kusikia. Nataka kukuambia habari za matairi, na kwa nini baba yako alinyamaza.

Unakumbuka siku waliponikalisha kwenye kiti? Kaka Ouma, baba yako mzazi, alikuwa amezikwa wiki ileile kwa homa. Nyanya yako alizaa wavulana wawili tu, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho, na katikati wasichana. Wazee hawakuwa na mwingine wa kumtafuta. Wakanikalisha, miguu haijafika chini, wakakuleta mbele yangu ukiwa umenipita kichwa na mabega. Wakasema, "Huyu ndiye baba yako sasa. Akisema nenda, unakwenda. Akisema kaa, unakaa." Nilingoja ucheke. Hukucheka. Ulinipa mikono miwili, ukasema, "Ndiyo, baba." Jioni ileile ulinibeba mgongoni kunivusha kijito, maana niliogopa maji.

Tangu siku hiyo sijakuambia nenda wala kaa. Niliona ni neno la watu wazima waliloniazima, nami nikalihifadhi lisichafuke.

Hata uliponiletea sanduku shuleni nilijificha. Ulisimama langoni na buti zako zina vumbi jekundu mpaka magotini, ukamwambia kiranja, "Namtafuta baba."

"Anafundisha nini?"

"Hafundishi. Anasoma. Ni Egesa, wa mwaka wa kwanza."

Bweni zima lilitoka. "Mzee Egesa! Toka, mzee, mtoto amekuja! Mtoto ana masharubu!" Mwingine akasema, "Mpe uji, mzee, alale!" Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika kamusi. Nikakusikia ukiwaambia, bila hasira kabisa, "Msimsumbue baba yangu, ana mtihani." Walinyamaza, Wandera. Wavulana wale hawamnyamazii hata mwalimu wa zamu.

Mimi ningekuwa na nusu ya sauti ile, leo nisingekuwa naandika.

Twende dukani. Ile Jumamosi ya Tororo, duka la vipuri la yule Mhindi karibu na stesheni. Pikipiki yako nilikuwa nimeshaipenda kama wewe unavyoipenda, ingawa siwezi kuiendesha. Ni ndogo, injini yake ni ya cc mia na ishirini na tano tu, lakini tangi lake limebonyea pande mbili mahali pa magoti, na usukani umeinama chini hata mtu analala juu yake kama anayenong'oneza. Matairi yake ya zamani yalikuwa yameanza kulika, ila yalikuwa bado yana kazi: la mbele lina mifereji iliyonyooka, la nyuma lina meno mazito.

Juu ya kaunta yalining'inia yale mapya ya mashindano. Hayakuwa na meno. Yalikuwa na vijifereji vyembamba kama mikwaruzo ya kalamu, na umbo lake lilipanda katikati na kuteremka pande mbili mfano wa paa la nyumba, ili pikipiki ikilalia kona mpira mwingi uguse chini. Uliubonyeza kwa ukucha na alama ikabaki. "Tazama, baba," ulisema. "Laini kama ulimi. Hii inalamba barabara."

Mhindi akatikisa kichwa. "Hii ya lami tu, kijana. Murram iko mbaya. Tope iko mbaya sana. Chukua ile ya mifereji, mpya, iko pale."

Ukanikonyeza. "Anataka aniuzie yaliyomdodea." Kisha ukanigeukia, na watu dukani wakageuka pamoja nawe. "Baba, wewe ndiye msomi. Unasemaje?"

Nilijua, Wandera. Maktabani kuna magazeti ya zamani ya pikipiki aliyoyaacha mwalimu mmoja aliyerudi kwao, nami nimeyasoma hata yamekatika mikunjoni. Nilijua kwamba mpira laini ni wa barabara kavu ya lami, na kwamba kwenye murram, njia ya udongo na changarawe, mawe huuchana na joto huula. Nilijua kwamba vijifereji vile vikishajaa tope, tairi huwa kama papai lililomenywa. Nilijua jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloninyima raha: gurudumu la nyuma likiteleza, mwendeshaji mzuri anaweza kulirudisha, lakini la mbele likiteleza, mtu ameshakuwa chini kabla hajajua. Yote hayo yalikuwa kichwani, yamepangwa vizuri kama jibu la mtihani. Lakini watu walikuwa wananitazama, na wewe ulikuwa unatabasamu, na ile furaha usoni mwako sikutaka iondoke kwa sababu yangu.

Nikasema, "Yote yana sifa zake."

Hilo ndilo neno nililokupa. Neno la mtu anayekwepa kuulizwa swali la pili.

Ukayanunua yale laini, na wiki iliyofuata ulikuja nayo kunichukua shuleni nikapanda nyuma yako. Kwenye lami ya Tororo nilielewa ulichokipenda. Uliilaza kona mpaka nikadhani goti litagusa, na tairi likashika, halikusogea hata unywele. Nilipiga kelele ya furaha, sijui kama ulisikia. Kisha tukaingia njia ya Mwello, na manyunyu yalikuwa yamepita, hata si mvua, manyunyu tu. Pale penye mteremko wa mihogo gurudumu la mbele liliondoka chini yetu kama mkeka unaovutwa. Nilijikuta mtaroni, nimekumbatia mguu wako.

Wanawake waliokuwa wametoka kuchota maji walisimama. "Poleni! Hicho chombo ni pikipiki au ni kambare?"

"Ni kambare, mama," ulisema, unapangusa tope mdomoni. "Nimemleta baba aone mto." Wakacheka, nawe ukacheka, ukaniinua, ukasema ni mavi ya ng'ombe ndiyo yaliyotuangusha. Hapakuwa na mavi ya ng'ombe. Nilipatazama mahali pale vizuri. Palikuwa na udongo mwekundu uliolowa na alama moja ndefu, laini, kama imepigwa kwa mwiko.

Tulikuwa tunakwenda polepole, Wandera. Kesho hutakwenda polepole.

Na njia ya kesho si mteremko mmoja wa mihogo. Kutoka Busia mpaka ukaribie Kisumu ni murram, na mvua hizi hazijakosa siku. Malori ya pamba yameichimba njia hata ina mifereji ya kumficha mbuzi. Wewe utakuwa umelala juu ya tangi na begi mgongoni, una haraka ya kufika kabla ya giza, chini yako pana mapapai mawili yaliyomenywa.

Sasa nikuambie habari ya leo mchana, kwa upande wangu, maana upande wako niliuona. Watu walijaa uani. Nyanya yako alileta kibuyu cha maji. Unajua inavyokwenda: baba huulizwa kama ana neno, akilisema linasikilizwa na kufuatwa, akimaliza hujaza maji kinywani na kumpulizia anayesafiri na kile kinachombeba, na baada ya hapo hakuna wa kuongeza kitu. Nimeona wazee wakiifanya kazi hiyo tangu utoto. Ni mara moja tu, na neno huja kabla ya maji.

"Baba Wandera," nyanya yako aliniita kwa jina hilo mbele ya wote, "una neno?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limefika hapa kooni: aivalishe pikipiki matairi ya zamani, yale ya mashindano ayafunge nyuma, akayavalishe Nakuru. Maneno yasiyozidi pumzi moja. Nilitazama pikipiki, umeing'arisha, matairi meusi kama macho. Nilitazama rafiki zako wa gereji waliovaa suruali za kubana. Nikaona watakavyotazamana na kucheka, mtoto wa shule anamfundisha fundi. Nikasema, "Sina."

Nikajaza kinywa, nikapuliza. Kwako kwanza, ukafumba macho. Kisha matairi, la mbele na la nyuma. Maji yaliviringika yakadondoka kama kwenye jani la gimbi, hayakushika popote. Kila mtu alipiga vigelegele isipokuwa mimi.

Nilikufuata ulipokuwa unaondoka. Nilisema, "Wandera, yale matairi..." Ukaweka mkono kichwani pangu kama zamani. "Baba, umeshapuliza. Wasiwasi wa nini tena?" Ukapanda nyuma ya baiskeli ya mwenzako, mkaenda.

Ndivyo nilivyokufunga. Kabla ya leo ungeweza kuanguka ukajilaumu, ukabadilisha. Sasa unaniamini mimi. Utaingia tope la Bumala, ukishaipita Busia, kwa kasi kwa sababu mate yangu yamo kwenye yale magurudumu.

Mvua ilipoanza kupiga bati nilishindwa kukaa. Nilikwenda kwa nyanya yako jikoni.

"Mama, naweza kurudia?"

"Kurudia nini?"

"Nimepuliza vibaya."

"Maji yametoka kinywani?"

"Yametoka."

"Basi hukukosea. Kaa, kuna viazi."

"Matairi yale yatamwangusha. Ya zamani yako ghalani. Nataka kuyabadilisha."

Akaacha kuchochea moto. "Kilichopulizwa hakirudishwi ndani ya nyumba hii. Kinatoka langoni, kinakwenda. Ukikivua ukakiweka ghalani, unamwitia nini mtoto?" Kisha akanitazama sana. "Kwa nini hukusema ulipoulizwa?"

"Watu walikuwa wengi."

"Na huko anakokwenda watu ni wachache?"

Nilirudi hapa nikachukua karatasi.

Mwanangu, sijui baba wa kweli huandikaje. Naona katika vitabu huandika kama watu walioshinda maisha. Mimi sijashinda kitu. Nilichojifunza nimejifunza katika mwezi huu mmoja, na ni hiki tu: mtu anaweza kukupenda sana na bado akakuacha uende vibaya, kwa sababu anaogopa sura utakayoifanya akikukataza. Nilidhani upole wangu ni heshima kwako. Ulikuwa ni woga. Utakutana na watu wapole kama mimi huko Nakuru. Ukimwuliza mmoja akakujibu kwamba yote yana sifa zake, mwulize tena, umshike shati ikibidi.

Na wewe ukipewa timu ya watu, ukawa unachagua matairi kwa ajili ya kijana mwingine, itazame njia kwanza ndipo uitazame mashine. Mimi na wewe tuliitazama mashine tu, tukaipenda.

Sitaki usiende. Nakuomba uamini hilo kuliko yote. Nikifumba macho nakuona umelalia kona ya lami na mpira umeshika na hakuna anayekukaribia. Nataka ufike hapo. Ila nikifumba macho tena naliona lile gurudumu la mbele, na mkeka unavutwa, na mimi niko shuleni naitwa na kiranja langoni, na safari hii aliyesimama pale si wewe. Nimeshamzika baba mmoja wa nyumba hii nikiwa mtoto. Wewe ndiye uliyenivusha baada ya pale. Sina mwingine wa kuniita lile neno, na sijui nitalalaje.

Nilitaka kuishia hapo. Nilitaka kukuachia karatasi hii juu ya tangi uisome asubuhi, nikiwa nimejifanya nimelala. Nimeisoma tangu mwanzo na nimeona ni lile lile tena, mtu nyuma ya mlango na kamusi mkononi. Kwa hiyo nimeiweka chini, nikaenda kufanya kitu, na sasa nimerudi kukuandikia nilichofanya. Samahani kwa karatasi, mikono ni michafu.

Nilitoa gunia. Nilifungua ekseli ya mbele, nikatoa gurudumu, nikatoa upepo, nikalitoa tairi kwa vile vyuma viwili bapa unavyovificha chini ya kiti. Rimu niliipaka sabuni. Tairi la zamani la mifereji liliingia upande mmoja kirahisi, upande wa pili likanibana vidole, na nikabana tyubu nikaitoboa. Nikaiziba kwa kiraka cha baiskeli, nikaanza upya. Nilipokuwa kwenye la nyuma, cheni imelala kwenye tope, mama yako alitoka.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nabadilisha matairi."

"Wandera amekutuma?"

"Hapana. Mimi ndiye baba yake."

Ilitoka hivyo, kwa sauti, sikuipanga. Alikwenda akaleta taa, akainama akanimulikia mpaka nikakaza nati ya mwisho. Nimejaza upepo pungufu kidogo kuliko wa lami. Breki nimezipima. Nimeisukuma mpaka njia kuu na kurudi, ndani ya tope, na imenyooka.

Nilijua ukiyakuta yale mengine hapa utayavalisha tena kabla sijamaliza kusema. Nyanya yako naye alishasema hayaingii ghalani. Nikayafunga kamba, moja kwa jingine, nikayavaa shingoni, nikatoka langoni nikasimama katikati ya barabara kulingoja lori la samaki wakavu linalokwenda Nakuru kila Jumamosi jioni. Lilipiga honi kutoka mbali. Sikuondoka. Lilisimama karibu sana hata nikahisi joto la injini.

"We mtoto! Unataka kufa?" dereva alisema.

"Nataka upeleke mzigo Nakuru."

"Mzigo wa nani?"

"Wa mwanangu."

Utingo alicheka mpaka akajishika kwenye turubai. "Mwanao! Ana meno tayari?"

"Ana masharubu," nikasema. "Anaitwa Wandera, anakwenda kwenye mbio, na haya ni matairi yake ya lami. Akipita nayo njia hii atakufa. Nataka ayakute huko." Nililisema lote, taa za lori usoni, na sikuinamisha kichwa. Dereva akauliza kama mimi ni yule mdogo wake Ouma, nikasema ndiye. Akayachukua. Atayaacha kwa mlinzi wa kituo cha petroli wanapolala malori, mlango wa mji, kwa jina lako. Nilimpa jogoo wangu, akakataa, kisha akapokea.

Nimemweleza nyanya yako. Hakunisifu wala hakunigombeza. Alinipa viazi, nimekula viwili. Najua utakasirika. Utasema nimekuaibisha, na huenda hutaniita lile neno tena, na huko Nakuru utapoteza nusu siku ukivalisha matairi wakati wenzako wanapima njia. Nimeyafikiria hayo yote, na matairi yameshakwenda.

Nimenawa mikono, haikutakata. Nimechukua baiskeli. Nakuja Busia sasa kukutafuta mlipo, nikuambie kwa mdomo mbele ya rafiki zako, kisha nikupe karatasi hii.